Deni la Maiti na Pilau ya Matanga

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu Waislamu, somo letu la leo halihitaji mtu awe amesoma vitabu vingi ndipo alifahamu. Ni jambo linalotupitia sote, tajiri na masikini, mume na mke, nalo ni deni: deni alilo nalo mtu angali hai, na deni analokwenda nalo kaburini. Tumelichagua kwa kuwa twalijua kwa ndimi zetu na kulipuuza kwa vitendo vyetu. Wazee wetu walisema, "Kukopa harusi, kulipa matanga." Walikusudia kwamba mtu hufurahi anapokopa na huhuzunika anapolipa. Lakini kwetu sisi maneno hayo yamepata maana nyingine ambayo wazee hawakuikusudia: mtu afapo na deni, matanga yake hufanywa harusi, na deni likabaki pale pale.

Tuchukue mfano, upate kuwa mwepesi kufahamika.

Tuseme amekufa mtu wa makamo katika mtaa mmojawapo wa miji yetu hii ya pwani. Alikuwa seremala, mtu mwema, mwenye kuhudhuria swala za jamaa. Ameacha mjane na watoto watatu wadogo, ameacha vyombo vyake vya kazi, na shilingi 60,000 taslimu. Alikuwa akidaiwa shilingi 18,400 na mwenye duka la jirani, aliyekuwa akimpa unga, mchele na mafuta na kumwandikia katika daftari. Alikuwa akidaiwa shilingi 1,250 na mama mmoja mjane auzaye mahamri na mbaazi asubuhi barazani pake. Na alikuwa akidaiwa shilingi 30,000 na rafiki yake aliyemkopesha anunue mbao, wala baina yao hapana karatasi wala shahidi. Jumla ya madeni ni shilingi 49,650.

Maiti akaoshwa, akakafiniwa, akapelekwa msikitini. Kabla ya swala ya jeneza akasimama mmoja katika jamaa akatangaza kama ilivyo ada, kwamba aliye na haki yake kwa marehemu na aje kwa warithi. Watu wakanyamaza. Mwenye duka yumo katika safu ya pili, naye akainamisha uso. Atasema nini, na maiti yuko mbele yake, na ndugu wa maiti wanafuta machozi? Rafiki naye akasema moyoni, "Nitasema baadaye." Ama yule mama wa mahamri, yeye hayumo msikitini hata asikie. Wakaswali, wakazika, wakarudi.

Jioni ile ile wazee wa ukoo wakakaa kitako kupanga matanga: mbuzi wangapi, mchele kiasi gani, mpishi nani, turubali la nani. Zile shilingi 60,000 zikatolewa sandukuni, na nyingine zikakopwa juu yake. Siku ya tatu ikasomwa khitima, watu wakala pilau wakashiba, wakamuombea maiti maghufira, wakaenda zao. Baada ya wiki mbili mwenye duka akaja na daftari lake kwapani. Akaambiwa, "Ngoja kidogo, bwana, msiba haujapoa." Alipokuja mara ya pili akaambiwa, "Marehemu hakutuambia khabari hiyo." Mara ya tatu hakuja tena.

Ndugu msomaji, utazame mfano huu vizuri. Hapana ndani yake mwizi wala mlevi. Wazee wale walitaka kumstahi ndugu yao. Waliokula walikuja kuwapa wafiwa mkono wa taazia. Mwenye duka alinyamaza kwa haya, na haya ni katika imani. Kila mmoja alidhani afanya wema, na juu ya hivyo wadai watatu wamepotewa na haki zao, mayatima watatu wameliwa urithi wao, na maiti amelala na deni lake. Basi yatupasa tuulize: kosa limeingilia wapi?

UZITO WA DENI

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba kukopa si dhambi. Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe alikopa. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba alifariki dunia na deraya yake i rahani kwa Yahudi mmoja, kwa pishi 30 za shayiri alizowachukulia watu wa nyumbani mwake. Basi asidharauliwe mtu kwa kuwa amekopa kwa haja yake. Na mwenye kukopa huku nia yake ni kulipa, tumeahidiwa kuwa Mwenyezi Mungu atamsaidia kulipa; na mwenye kuchukua mali ya watu huku nia yake ni kuipoteza, ameahidiwa kupotezwa yeye.

Lakini deni likishaingia shingoni halitoki ila kwa mambo mawili: kulipwa, au kusamehewa na mwenyewe. Halitoki kwa kusahauliwa. Halitoki kwa mdai kuona haya. Halitoki kwa mdeni kufa. Tumefunzwa kwamba shahidi, yule aliyeuawa katika njia ya Mwenyezi Mungu, husamehewa kila kitu ila deni. Ikiwa damu ya shahidi haikulifuta deni, je, litafutwa na sinia la pilau?

Na tazama aliyoyafanya Mtume (S.A.W.). Aliletewa jeneza alisalie, akauliza kama maiti ana deni. Akaambiwa kuwa ana deni la dinari chache. Akauliza kama ameacha cha kulilipa. Akaambiwa kuwa hakuacha kitu. Basi akawaambia sahaba wamsalie mwenzao, yeye mwenyewe akajizuia. Hapo akasimama Abu Qatada (R.A.) akasema kuwa deni lile ni juu yake yeye, ndipo Mtume akamsalia. Baadaye, Mwenyezi Mungu alipowafungulia Waislamu mali, akawa Mtume (S.A.W.) huyalipa yeye madeni ya masikini waliokufa bila ya kuacha kitu.

Zingatia, ndugu yangu, wakati aliouliza. Aliuliza kabla ya swala, na akataka jawabu. Sisi tumeipokea desturi hii ya kutangaza mbele ya jeneza, na ni desturi njema, lakini tumeyashika maneno tukaiacha maana. Twatangaza huku tukitumai kwamba hapana atakayejibu. Lau mtu mmoja angeinua mkono na kusema, "Mimi namdai shilingi 18,400," wangapi wetu wangemwona kuwa hana adabu? Basi ikiwa mwenye kujibu hutahayarishwa, tumeuliza kwa nini?

MALI YA MAITI INA MPANGO

Jambo la pili ni kwamba mali ya maiti si shamba lisilo mwenyewe, kila aingiaye avune. Tangu roho inapotoka, mali ile imeingia katika hukumu ya Sharia, na Sharia imeipanga safu kwa safu.

Kwanza hutolewa gharama za lazima za kumzika: sanda, maji ya kuoshea, kuchimbiwa kaburi, na mfano wa hayo, kwa kiasi cha wastani. Lakini katika madhehebu yetu ya Shafi, haki iliyofungamana na kitu chenyewe, kama vile rahani, hutangulizwa hata mbele ya gharama hizo. Pili hulipwa madeni yote, ya watu na ya Mwenyezi Mungu, kama zaka aliyokuwa hakuitoa. Tatu hutekelezwa wasia wake, usiozidi thuluthi ya kilichobaki. Nne, ndipo warithi wagawiwe, kila mtu fungu lake kama lilivyotajwa katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 11 na ya 12. Na katika aya hizo mbili Mwenyezi Mungu amerudia tena na tena kwamba mafungu hayo ni baada ya wasia na deni. Wasia umetajwa mbele kwa kuwa hauna mtu wa kuupigania, ukakhofiwa kupuuzwa, ama katika kulipa, deni ndilo litangulialo, kama alivyohukumu Mtume (S.A.W.).

Sasa tafuta katika safu hizo nne, uniambie matanga yamo katika ipi. Si katika mazishi, maana maiti amekwisha kuzikwa. Si katika deni. Si katika wasia, ila awe aliusia, nao usizidi thuluthi baada ya deni. Wala si katika mirathi, maana mirathi ni ya warithi. Basi pilau ile imetoka mfukoni mwa nani?

Turudi kwenye mfano wetu tufanye hesabu. Katika shilingi 60,000, tukitoa deni la shilingi 49,650, zabaki shilingi 10,350. Tufanye kwamba jamaa wamejitolea sanda na gharama za kaburi. Hizo shilingi 10,350, pamoja na vyombo vya useremala, ndizo mali ya mjane na mayatima. Basi wale waliokaa jioni ile kupanga mbuzi na mchele walikuwa wakipanga kwa pesa za mwenye duka, na za mama wa mahamri, na za rafiki mwenye mbao, na kilichobaki ni cha watoto watatu wasiojua kusema ndiyo wala siyo. Mjane naye yu katika edda, ana huzuni, hakuulizwa. Na hata angeulizwa, angemkatalia vipi shemeji yake siku kama ile?

Mali ya yatima ina onyo zito katika Qur'ani. Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 10, wenye kuila kwa dhuluma wametajwa kuwa wanakula moto matumboni mwao. Huenda mtu akasema, "Mimi sikuila, niliwalisha watu kwa ajili ya baba yao." Twamjibu kwamba msimamizi wa yatima hana ruhusa ya kutoa hata sadaka katika mali ya yatima, seuze karamu. Na mgeni ajuaye kwamba chakula kimetoka katika fungu la mayatima, au katika mali ambayo wadai hawajalipwa, si halali kwake kutia mkono katika sinia lile. Aseme pole, aombe dua, ende zake.

NANI WA KUMPIKIA MWENZIWE?

Yuko atakayesema, "Hizi ni mila zetu tulizowakuta nazo wazee, nanyi mwataka kutuharibia umoja wetu." Hatuna vita na kukusanyika kwa kupeana pole, wala na kumuombea maiti. Lakini na tujue mila njema ilikuwa ipi.

Mwaka wa 8 wa Hijra, yaani 629, Jaafar bin Abi Talib (R.A.), binami wa Mtume, aliuawa katika vita vya Muta. Khabari ilipofika Madina, Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha watu wawapikie chakula watu wa nyumba ya Jaafar, kwa kuwa wamefikiwa na jambo la kuwashughulisha. Hii ndiyo Sunna: jirani ampikie mfiwa. Sisi tumeigeuza: mfiwa awapikie majirani. Sahaba Jarir bin Abdillah (R.A.) ameeleza kwamba wao walikuwa wakihesabu kukusanyika kwa watu wa maiti na kupikiwa vyakula huko kuwa ni katika maombolezo yaliyokatazwa. Na Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ambaye vitabu vyake vyasomwa katika madrasa zetu kila siku, ameithibitisha katika kitabu chake Al-Majmuu kauli ya kwamba jamaa wa maiti kupika na kukusanya watu ni bidaa isiyopendeza. Na hayo yanapokuwa mali ni yao wenyewe! Seuze inapokuwa ni mali ya wadai na mayatima.

Na wala hatukosi njia ya kuirudisha Sunna hii. Desturi ya ubani tunayo, na ni desturi nzuri: kila ajaye kutoa mkono huacha alichojaaliwa. Lau ubani ungekusanywa kwa niya ya kuwasaidia wafiwa wapunguze deni la maiti wao na kuwapa mayatima chakula cha mwezi, ungekuwa ni mfano wa Abu Qatada katika zama zetu. Lakini ubani ukigeuzwa mbuzi na mchele, umeingia mlango mmoja na kutoka mlango wa pili, na nyumba imebaki kama ilivyokuwa, ila na sufuria za kuosha.

KISA CHA ZUBEIR NA MWANAWE

Mwenye kutaka kuona mwana mwema anavyomfanyia babake baada ya kufa, na asome khabari ya Zubeir bin Al-Awwam (R.A.), nayo imo katika Sahihi ya Bukhari.

Watu walikuwa wakimletea Zubeir mali zao awawekee amana. Akikataa kuzichukua kuwa ni amana, akisema kuwa zitakuwa ni deni juu yake. Alikhofu kuwa amana ikipotea bila ya kosa lake, mwenyewe hatarudishiwa. Ama deni, hulipwa kwa vyovyote. Basi siku ya Vita vya Ngamia, mwaka wa 36 wa Hijra, yaani 656, alihisi kwamba atauawa. Akamwita mwanawe Abdalla. Jambo kubwa lililomshughulisha saa ile halikuwa maadui zake, bali ni deni lake. Akamuusia auze mali na alipe, na akishindwa amuombe msaada Mola wake Zubeir. Abdalla akasimulia kwamba kila alipokutana na taabu katika deni lile, alimuomba Mola wa Zubeir amlipie, na likalipika.

Hesabu ilipofanywa, deni lilikuwa 2,200,000 kwa sarafu za zama zile, na nyumbani hamkuwamo dinari wala dirhamu, ila ardhi na majumba. Abdalla akaliuza shamba la Al-Ghaba, ambalo babake alilinunua kwa 170,000, likafika 1,600,000. Akauza na akalipa mpaka akamaliza. Ndugu zake wakamtaka awagawie mirathi. Akakataa, akaapa kwamba hawagawii mpaka atangaze katika msimu wa Haji miaka minne, kwamba aliye na deni kwa Zubeir na aje alipwe. Akatangaza miaka minne mbele ya watu waliotoka kila upande, ndipo akagawa.

Tulinganishe, ndugu zangu. Yeye alitangaza miaka minne, baada ya kulipa madeni yote aliyoyajua. Sisi twatangaza mara moja, kwa muda wa pumzi mbili, na jioni yake twapeleka pesa kwa muuza mbuzi.

DAWA NI KALAMU

Tumesema juu ya warithi. Sasa tuseme juu yetu sisi tulio hai, maana kosa la warithi mara nyingi huzaliwa na kosa la maiti alipokuwa mzima. Yule rafiki wa shilingi 30,000 hakuandikiana na mwenziwe. Ukiwauliza watu sababu, watakwambia, "Sisi ni ndugu, nikimwandikisha ataona simwamini."

Fikira hii yaipinga Qur'ani. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, na khabari yake yote ni ya kuandika deni. Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuandike deni lenye muda, mwandishi awe mwadilifu, na mwenye kutamka ya kuandikwa awe ni yule mwenye kudaiwa, ili akiri kwa ulimi wake; na tuweke mashahidi. Kisha akatukataza tusichoke kuandika, likiwa deni ni dogo au kubwa. Zingatia: dogo au kubwa. Zile shilingi 1,250 za mahamri zimo humo. Basi mwenye kusema, "Tuandikiane," hakumtuhumu ndugu yake. Amemtii Mola wake, na amewahifadhi wawili: nafsi yake na mwenziwe. Hata wahenga wasiosoma tafsiri waliifahamu hikima hii waliposema kuwa mali bila daftari hupotea bila khabari.

Na leo hatuna udhuru. Zamani mtu angeweza kusema hana mwandishi karibu. Leo kalamu i mfukoni mwa kila mtu. Tangu ilipoanza M-Pesa mwaka 2007, pesa nyingi tunazokopeshana hupita katika simu, na kila ziendapo huacha alama. Lakini jihadhari: alama ile huonyesha kwamba fulani alimpelekea fulani kiasi kadha, haisemi kwamba ni deni, au zawadi, au malipo ya deni la zamani. Basi fuatisha ujumbe wa maneno machache: kwamba nimekukopesha kiasi hiki, leo tarehe kadha, na utanilipa wakati kadha, na mwenzio akujibu kuwa ni kweli. Umekwisha kuandika na kuandikiwa. Na kwa kuwa simu ya maiti hufungwa kwa siri anayoijua yeye peke yake, na mara nyingine siri hiyo huzikwa pamoja naye, usitosheke na simu. Weka daftari dogo nyumbani, upande mmoja uandike ninaodaiwa nao, na upande wa pili ninaowadai. Mwonyeshe mkeo, au mumeo, au mwanao mkubwa, pahali lilipo. Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba haimpasi Muislamu mwenye jambo la kuusia kulala siku mbili ila wasia wake umeandikwa kwake. Ni nani kati yetu asiye na jambo?

Na mwenye uwezo na alipe leo. Aliye nacho kisha akamzungusha mdai, njoo kesho, njoo baada ya Idi, huyo ametajwa na Mtume (S.A.W.) kuwa ni dhalimu. Utamwona mtu amevaa kanzu mpya ya Idi, na mshonaji wa kanzu ya Idi iliyopita hajalipwa! Na ukimdai akuona wewe ndiwe mbaya.

MASUALA

Swali: Warithi wafanye nini mtu akija kudai, naye hana karatasi wala shahidi?

Jawabu: Deni halithubutu mbele ya kadhi kwa madai matupu. Na hata mdai akileta mashahidi juu ya maiti, kwa madhehebu yetu huapishwa pia kwamba hajalipwa wala hajasamehe, kwa kuwa maiti hawezi kujitetea. Lakini mrithi mtu mzima aliyetua moyo wake kwamba mdai ni mkweli, na alipe katika fungu lake mwenyewe. Wala asimtoze yatima kwa yakini yake yeye. Ikiwa pana mzozo, upelekwe kwa kadhi. Mahakama ya Kadhi imo katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 170, na mirathi ya Waislamu wanaokubali hukumu yake ni katika kazi zake.

Swali: Mali aliyoacha maiti haitoshi madeni. Je, watoto walazimika kulipa?

Jawabu: Hawalazimiki kutoa katika mali yao wenyewe. Kilichopo hugawiwa wadai kwa kadiri ya haki zao: ikiwa mali ni shilingi 20,000 na madeni ni shilingi 40,000, kila mmoja hupata nusu ya haki yake. Lakini mwana akimlipia mzazi wake kilichobaki, huo ni wema mkubwa na thawabu zake ni nyingi.

Swali: Je, mdai asamehe?

Jawabu: Kusamehe ni bora, na katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 280, tumeamrishwa kumpa muda mdeni aliye katika dhiki, na tumeambiwa kuwa kumwachia sadaka ni kheri zaidi kwetu. Lakini msamaha hutoka moyoni. Mwenye kunyamaza kwa haya, au kwa kukhofu maneno ya watu, hakusamehe, amenyimwa. Wanazuoni wetu wamesema kuwa kilichochukuliwa kwa kumtahayarisha mtu ni kama kilichochukuliwa kwa nguvu. Basi warithi wasimwendee mdai na kundi la wazee, wakamzunguka mpaka akatamka "nimesamehe." Kwanza wamhesabie haki yake, waiweke mbele yake, kisha akipenda kuiacha, hiyo ndiyo sadaka.

Swali: Twajua kuwa marehemu alidaiwa, lakini mdai hajulikani aliko.

Jawabu: Atafutwe kwa bidii, kwa kuuliza na kutangaza, na haki yake iwekwe mbali na mirathi. Wakishindwa kabisa, wamwendee kadhi, au waitoe sadaka kwa niya ya mwenyewe. Na akitokea siku moja akaitaka haki yake, apewe.

KHATIMA

Ndugu zangu, tulioyasema si mageni, na huenda msomaji akasema kuwa yote alikuwa akiyajua. Basi twamuomba afanye mambo matatu tu kabla ya wiki hii kwisha. La kwanza, akae na kalamu aandike madeni yake yote, hata la mahamri. La pili, alipe moja katika hayo, lile dogo la mtu masikini, maana ndilo lisahauliwalo upesi. La tatu, awausie watu wake mbele ya mashahidi kwamba akifa wasiwashe moto wa karamu katika mali yake mpaka kila mwenye haki amepewa haki yake, na kwamba asiyejibu msikitini aendewe dukani pake na nyumbani kwake, aulizwe kwa faragha.

Siku moja kila mmoja wetu atawekwa mbele ya safu, atatangaziwa, na hatakuwa na ulimi wa kujibu. Laiti yule mwenye duka katika safu ya pili siku hiyo angeweza kuinua uso wake na kusema, "Mimi na ndugu yangu huyu hatudaiani kitu." Maneno hayo yatamfaa maiti kuliko magunia ya mchele.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusiihitaji haramu yako, tulipie madeni yetu tungali hai, na uwahifadhi mayatima wetu na mikono yetu wenyewe kabla ya mikono ya wengine. Amin.